Kuongeza Mwendo wa Hewa Katika Tangi la Vepu la Kufunga Koili Mwenyewe

Tangi la vepu, yaani la sigara ya kielektroniki, ambalo mtumiaji hufunga koili (waya unaopashwa moto na umeme) na utambi (pamba inayonyonya kimiminika) kwa mkono wake hudumu miaka mingi, kwa sababu vinavyochakaa ndani yake ni waya, pamba na pete za mpira tu, ilhali mwili wake wa chuma hubaki kama ulivyo. Hata hivyo, matangi mengi yanayofika Mwanza, hasa yale ya bei nafuu yanayoagizwa Kariakoo na kuletwa kwa basi, huwa na mvuto mzito: mtu huvuta mpaka mashavu yanabonyea, na anachopata ni mvuke mdogo ulio moto kupita kiasi. Kuagiza tangi jingine huchukua muda, na si busara kutegemea kulipata ng'ambo ya ziwa, kwani Uganda ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya udhibiti wa tumbaku ya mwaka 2015. Ndiyo maana kulirekebisha lile ulilo nalo kuna maana. Maelezo haya yamekusudiwa watu wazima ambao tayari wanatumia vepu. Nikotini hujenga uraibu upesi, na asiyeitumia hana sababu ya kuanza.

Njia ya hewa, na mahali inapobanwa

Katika tangi la kawaida lenye koili moja, hewa huingia kupitia matundu ya pete ya hewa iliyo chini, hupita katika mfereji mfupi ndani ya kitako, hupanda kwenye tundu lililo chini ya koili, huingia katika chemba ambamo hukutana na mvuke, kisha hupanda kwenye bomba la katikati hadi mdomoni. Yapo pia matangi yanayoingiza hewa kwa juu ili yasivuje, lakini hewa yake nayo hushushwa hadi kwenye koili, na kanuni ni ileile. Mtu anayeona mvuto ni mzito kwa kawaida hukimbilia kupanua matundu ya pete ya nje, kwa kuwa ndiyo yanayoonekana na ndiyo rahisi kuyafikia. Mara nyingi hapati kitu. Kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, barabara ya kutoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita ingeweza kupanuliwa mara mbili na magari yangeendelea kupanga foleni, kwa sababu yote yalisubiri kivuko kimoja. Hewa ndani ya tangi huwa na kivuko chake, na kazi ya kwanza ya fundi ni kukitafuta.

Tuchukue tangi ambalo pete yake ina matundu mawili ya milimita 2, na tundu la chini ya koili ni moja la milimita 1.5. Matundu ya nje yana jumla ya milimita za mraba 6.28, na lile la ndani lina 1.77. Kwa kuwa yamefuatana katika njia moja, ukiyahesabu kwa pamoja utaona kwamba tangi zima linapitisha hewa kana kwamba lina tundu moja la milimita za mraba 1.70. Sasa ongeza eneo la matundu ya nje mara mbili: uwazi huo unafika 1.75 tu, yaani ongezeko la takriban asilimia 3, ambalo hakuna mdomo utakaolitambua. Lakini ukiacha nje kama kulivyo na kulifikisha tundu la ndani milimita 1.8, uwazi unafika 2.36, ongezeko la karibu asilimia 39. Sehemu tatu za kumi za milimita, zikikatwa mahali panapostahili, zimezidi kukata nusu ya pete.

Kukitafuta kivuko hicho hakuhitaji vifaa. Mwaga kimiminika, toa koili na pamba, osha tangi, likaushe, kisha lifunge kwenye kifaa chake cha betri kikiwa kimezimwa na uvute taratibu. Toa kipande cha mdomo na uvute tena kupitia bomba; mvuto ukiwa mwepesi ghafla, tatizo lilikuwa kwenye kipande hicho, na cha kubadilisha ni hicho pekee. Kama pete ya hewa inavuliwa, ivue na uvute mara nyingine. Ikiwa hakuna kilichobadilika, kizuizi kiko kwenye mfereji wa kitako au kwenye tundu la chini ya koili. Tumia biti za drili zenyewe kama vipimo: biti nene kuliko zote inayoingia tunduni kwa kuteleza bila kulazimishwa ndiyo kipenyo chake. Andika kila kipimo kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote, kwa sababu baada ya kukata hutaweza kukumbuka ulianzia wapi.

Yale ya kujaribu bila kukata

Ninashauri siku chache za majaribio haya kabla ya kutafuta drili, kwani matangi mengi yanayolaumiwa kwa mvuto mzito yana kasoro ya ufungaji tu. Koili iliyokaa chini mno hulifunika tundu la hewa. Inyanyue hadi kuwe na nafasi ya milimita moja na nusu hivi kati ya upande wake wa chini na tundu. Koili pana mno kwa chemba nayo hubana. Katika chemba ndogo, koili iliyozungushiwa kijiti cha milimita 2.5 huiachia hewa nafasi ya kupita pembeni ambayo ile ya milimita 3 haiiachi. Pamba iliyofutuka na kuingia chini ya koili ni kizuizi pia, na huwa haionekani mpaka utazame kwa kurunzi.

Kuna pia umande wa kimiminika unaokusanyika katika mfereji wa kitako. Ukivuta na kusikia mchirizo wa maji, tangi halina tatizo la hewa, bali limefurika. Futa mfereji kwa kijiti cha pamba, kausha, ujaribu tena.

Kuchonga kingo kabla ya kupanua tundu

Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na watu wengi huiruka. Hewa inapoingia katika tundu lenye ukingo mkali haiwezi kukata kona papo hapo. Hujikusanya na kuwa mkondo mwembamba kuliko tundu lenyewe, hivyo tundu hufanya kazi kwa takriban asilimia 60 tu ya eneo lake. Ukingo huo ukiviringishwa vizuri, mkondo hujaza tundu, na kiwango hicho kinaweza kukaribia eneo lote. Maana yake ni kwamba tundu la milimita 1.5 lililoviringishwa mwingilio wake linaweza kupitisha hewa nyingi kuliko tundu la milimita 1.7 lililoachwa na kingo kali, na hujaondoa chuma kinachoweza kukutia majuto. Faida nyingine ni kuondoka kwa mluzi, ule mlio mwembamba ambao baadhi ya matangi huutoa kila unapovuta. Mara nyingi chanzo chake ni kona kali au miba midogo ya chuma iliyoachwa na mashine kiwandani.

Muhimu ni kujua upande wa kuchonga. Ukingo unaopaswa kuviringishwa ni ule ambao hewa inaingilia, si ule inaotokea. Kwa tundu la chini ya koili, huo ni upande wa chini, unaotazama mfereji wa kitako. Upande wa juu uachwe. Matangi mengi yana ukuta mfupi ulioinuka kuzunguka tundu hilo kwa juu, na kazi yake ni kuzuia kimiminika kilichodondoka kwenye kitako kisitiririke kuingia katika njia ya hewa. Ukiutia tupa ili upendeze, umetengeneza tangi linalovuja. Ikiwa kitako hakifunguki na huwezi kuufikia upande wa chini, achana nao na uchonge mwingilio wa pete ya nje pekee.

Kabla ya kutia tupa, tambua chuma cha tangi kama inavyoelezwa mwanzoni mwa sehemu inayofuata. Kwa kazi hii tupa za kawaida za karakana ni kubwa mno. Zinazofaa ni tupa ndogo za sonara, zile za mviringo zenye ncha nyembamba. Mwanza, jiji linalopokea dhahabu ya Geita na machimbo mengine ya kanda, halikosi masonara, na wengi wao wanaweza kukuazima tupa au kukufanyia kazi yenyewe kwa malipo madogo, kwa kuwa mikono yao imezoea vipande vya ukubwa huo. Zungusha tupa kwa vidole bila kuisukuma, mpaka ukingo upoteze ukali wake. Malizia kwa msasa wa maji namba 800 uliosokotwa kuwa kijiti, kisha namba 1000. Ukipitisha kipande cha pamba tunduni na kisishikwe na chochote, kazi ya kingo imekwisha. Lisafishe tangi kwa namna inayoelezwa hapo chini, kisha lifungishe na ulijaribu. Ikiwa mvuto sasa unakuridhisha, usiendelee.

Kupanua tundu

Kwanza tambua chuma. Tangi lililotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu ni jeupe ndani na nje. Kwangua kidogo mahali pasipoonekana, ndani ya nyuzi za skrubu kwa mfano, na rangi ikibaki ileile unaweza kuendelea. Rangi ya njano ikitokea, una shaba ya njano iliyopakwa kromu au nikeli. Usiitoboe. Shaba ya njano inayotumika kwa kazi za mashine mara nyingi huchanganywa na risasi kiasi ili ikatike kwa urahisi, na tundu lililotobolewa huacha chuma hicho wazi palepale penye joto, unyevu na hewa unayoivuta. Kwa tangi la namna hiyo ishia kwenye kubadilisha koili na kipande cha mdomo.

Pili, tenganisha kila kitu. Ondoa kioo, pete za mpira, skrubu, pini ya katikati na kihami chake. Kihami ni kile kipande cha plastiki ngumu kinachotenganisha nguzo chanya na mwili wa tangi. Biti ikikikwaruza, au chembe ya chuma ikibaki pembeni yake, umeme utapata njia ya mkato na betri itachemka. Kama tundu lako liko karibu na kihami ambacho hakitoki, sitisha mpango.

Tatu, chagua biti. Katika hatua ya kwanza ongeza sehemu moja ya kumi ya milimita tu, kwa sababu eneo hukua kwa mraba wa kipenyo: kutoka 1.2 kwenda 1.3 ni ongezeko la asilimia 17, kwenda 1.4 ni asilimia 36, na kwenda 1.5 ni asilimia 56. Kwa anayevuta kwa mtindo wa sigara, yaani mdomoni kwanza kisha mapafuni, jumla ya uwazi wa milimita za mraba 1 hadi 3 hutosha, na zaidi ya hapo mvuto wake hupwaya. Anayevuta moja kwa moja mapafuni huhitaji uwazi mkubwa zaidi, lakini tundu lisizidi upana wa koili iliyo juu yake, la sivyo hewa itapita pembeni bila kuigusa, koili haitapoa, na ladha itafifia hata kama mvuke umeongezeka. Nionavyo mimi, tangi lililobuniwa kwa mtindo wa sigara ni bora lilegezwe kidogo na kuachwa lilivyo. Kulilazimisha kuwa tangi la mapafu ni kazi bure, kwani bomba na chemba yake ni vyembamba na ndivyo vitakavyokuwa kizuizi kinachofuata.

Usitumie drili ya umeme ya fundi seremala. Inayofaa ni ile ndogo ya kushikwa na kuzungushwa kwa vidole, ambayo masonara na baadhi ya mafundi simu wanayo, ikiwa na biti ya kobalti. Chuma kisichoshika kutu kina tabia ya kuwa kigumu zaidi kinaposuguliwa bila kukatwa. Biti butu inayozunguka haraka hukigandamiza na kukiimarisha, na baada ya hapo hata biti mpya hukataa. Kwa hiyo zungusha polepole, ukikandamiza kwa uthabiti, na ukiona biti inateleza bila kutoa chembe, ibadilishe. Funga kitako kwenye jiriwa kikiwa kimezungushiwa kipande cha ngozi au mpira wa tairi, na kisikazwe mpaka kikabonyea. Biti isimame wima juu ya tundu la zamani, kwa kuwa tundu lililopinda huelekeza hewa upande mmoja wa koili, na utaona pamba ikiungua upande wa pili. Tone la gliserini ya mboga latosha kulainisha. Mafuta ya mashine yasikaribie tangi. Ukiona kazi ni nyeti mno, karakana za Nyakato zina mafundi wenye mashine za kusimama ambazo hushusha biti wima bila mtikisiko, lakini nenda na kipimo chako kwenye karatasi na usimame hapo hapo wakati kazi inafanyika.

Baada ya biti kupita, rudia kazi ya kingo iliyoelezwa hapo juu, kwa sababu tundu jipya lina ukingo mkali upande wa chini na miba pande zote mbili.

Kusafisha na kupima umeme

Hapa sitakubali uharaka. Chembe za chuma zilizobaki ndani ya tangi zitaishia kwenye pamba, na kutoka hapo kwenye mapafu au kati ya nguzo za koili. Puliza kitako kwa bomba la kupulizia vumbi la mafundi simu, kisha kisugue kwa mswaki laini katika maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, ukipitisha uzi au brashi nyembamba katika kila tundu. Suuza, loweka katika spiriti ya hospitali, kisugue tena, suuza kwa maji safi yaliyochemshwa na ukianike kivulini penye hewa. Kipitishe kitambaa cheupe. Kikitoka na weusi au kikimetameta, rudia. Pete za mpira zisiingie kwenye spiriti, na zilizochanika zibadilishwe.

Rudisha kihami, pini na nguzo, kisha kabla ya kufunga koili pima kwa mita ya fundi umeme (multimita) kati ya pini ya katikati na mwili wa tangi. Bila koili, mita isioneshe mawasiliano yoyote. Ikilia, kuna chembe au kihami kimekaa vibaya, na tangi hilo lisifike kwenye betri. Baada ya kufunga koili pima tena: koili ya omu 0.8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) isome kati ya 0.7 na 0.9 hivi, na isibadilike unapoitikisa. Jaribio la kwanza lifanyike kwenye kifaa chenye kinga ya kielektroniki inayokata umeme panapotokea hitilafu, si kwenye kile kinachounganisha betri moja kwa moja.

Utambi na nguvu baada ya marekebisho

Mvuto ukilegea, mambo mawili hubadilika ndani ya tangi. Koili hupozwa zaidi, hivyo inaweza kubeba wati zaidi; lakini pia nguvu inayonyonya kimiminika kuelekea kwenye utambi hupungua, kwa sababu shinikizo ndani ya chemba halishuki tena kama zamani unapovuta. Anayepandisha wati bila kugusa utambi huonja pamba iliyoungua. Chana ncha za pamba ziwe nyepesi, ziguse mlango wa kimiminika bila kuuziba, na anza na wati zilezile ulizozizoea, ukipanda moja moja. Koili ya omu 0.8 kwenye volti 3.7 hutoa takriban wati 17, na hapo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa tangi la koili moja lililolegezwa kiasi.

Kimiminika nacho kina sehemu yake. Gliserini safi ni nzito zaidi ya mara 20 kuliko propilini glikoli kwenye nyuzi joto 20, na zote mbili hulainika zinapopata joto. Tangi lililoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani Kirumba litavuja hata kama hukuwahi kuligusa kwa drili. Vivyo hivyo kwa tangi lililojazwa Dar es Salaam na kufunguliwa Mwanza: uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa hapa ni dogo, na hewa iliyonaswa juu ya kimiminika hutanuka kwa karibu sehemu moja ya saba na kukisukuma nje kupitia utambi. Kabla ya kulaumu tundu ulilopanua, lijaze tangi ukiwa hapa, funga pete ya hewa, lisimamishe juu ya karatasi nyeupe usiku mzima ndani ya nyumba, na uangalie asubuhi. Doa likiwepo chini ya pete ya hewa, ongeza pamba kidogo kwenye ncha. Likirudi siku ya pili, tundu limepita kiasi.

Tundu lililopita kiasi linaweza kupunguzwa. Sonara anaweza kukata kipande kifupi cha bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu, kikachongwa hadi kiingie tunduni kwa kubana, kikiwa na uwazi wa ndani wa kipimo ulichokiandika mwanzoni. Kisukumwe kutoka juu, kiachwe kimechomoza nusu milimita ili kisaidie kuzuia kimiminika, na kikae kwa kubanwa pekee. Mwambie mapema asikitie lehemu, kwa sababu baadhi ya lehemu zina risasi na baadhi ya zile za fedha zina kadimiamu.